Nani Amekufa?

Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni



Mwezi wa Juni mwaka 2025, shule zilipofungwa, nilichukua siku 10 za likizo yangu ya mwaka. Nilimwambia mke wangu kwamba safari hii sizimalizi kwa kupaka rangi geti na kurekebisha bomba la jikoni. Tutasafiri. Usiku huo tukayashusha mabegi kutoka juu ya kabati, tukaanza kuyapangusa vumbi. Binti yetu, ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka minne na nusu, alikuja akasimama mlangoni. Akayatazama mabegi. Akamtazama mama yake usoni, kama mtu anayetafuta machozi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Baba, nani amekufa?"

Mimi nilicheka. Mama yake hakucheka. Alikaa kitandani akahesabu kwa vidole, na alipomaliza, mimi nami nikaacha kucheka. Tangu azaliwe, mtoto huyu alikuwa ametoka nje ya Dar es Salaam mara tatu. Mara ya kwanza tulikwenda Mang'ula, huko Kilombero, kumzika babu yake mzaa mama. Mara ya pili tulirudi huko huko kwa arobaini. Mara ya tatu tulimsindikiza mjomba wa mke wangu, huko huko tena. Safari zote tatu tuliondoka usiku, kwa Coaster ya kukodi, watu wamejibana, mtoto amepakatwa na yeyote mwenye nafasi. Alilala Kibaha akaamka msibani. Alichokijua kuhusu nchi yake nje ya Dar es Salaam ni giza, turubai na masufuria makubwa.

Tukamweleza kwamba hakuna aliyekufa, tunakwenda kutembea tu na kumwona bibi. Hapo ndipo alipoanza kulia. Hataki kwenda kwa bibi. Bibi wa Mang'ula, alisema, analia halafu anamkaba.

Nikamwelewa. Mara zote tatu walizoonana, mama mkwe wangu alikuwa amekaa chini mkekani, kanga imemfunika kichwa, na kila alipoletewa mjukuu wake alimkumbatia kwa nguvu na kuangua kilio upya. Mtoto hakuwa na namna ya kujua kwamba huyo si bibi, huyo ni msiba. Kwake yeye bibi alikuwa ndiye huyo.

Basi, ndugu wasikilizaji, jambo hilo ndilo ninalotaka tulizungumze jioni hii.

Sisi Watanzania si watu wasiosafiri. Nenda kituo cha mabasi chochote mwezi Desemba ujionee. Tunasafiri sana, ila tunasafiri kwa kuitwa. Tunaitwa na msiba, tunaitwa na harusi, tunaitwa na mgonjwa, na Wachagga wanaitwa na Krismasi. Safari isiyo na mwito inatutia aibu kidogo, kama vile mtu kula peke yake. Asubuhi ya siku tuliyoondoka, mama wa nyumba ya jirani alituona na mabegi akaja mbio hadi getini. "Kwema?" akauliza. Nikamwambia kwema, tunakwenda kutembea. "Kutembea tu?" Nikasema kutembea tu. Akatutakia safari njema, lakini uso wake haukuamini. Jioni yake alimpigia simu mke wangu kumwambia kwamba kama kuna jambo tumelificha aseme, maana akina mama wa mtaani wanataka kuanza kuchanga.

Nawashukuru akina mama hao, na nasema kweli. Lakini tazama mambo yalivyo. Mtu akifa, kazini unapewa ruhusa siku hiyo hiyo, na bosi anakupa mkono. Daftari la michango linazunguka, gari linapatikana, dereva anapatikana, hata mpishi anapatikana. Ukiomba siku za kumpeleka mtoto akaone twiga, unaulizwa kama una akili timamu, wakati sheria yetu ya ajira inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka na haisemi azitumie kuzika. Tuna utaratibu kamili wa kusafirisha maiti. Wa kusafirisha mtoto hatuna.

Najua mtakaloniambia: pesa. Nitalifikia, maana hata mimi mshahara wangu ni wa redio. Kwanza niwasimulie safari yenyewe.

Tulianza kwa treni ya umeme, hii ya reli mpya, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni mwaka 2024. Mtoto wa miaka minne hadi 12 hulipa nusu nauli humo, na aliye chini ya miaka minne halipi. Binti yangu aliposikia kwamba yeye ni nusu alikasirika kidogo, akapoa tulipompa kiti chake mwenyewe, kizima, karibu na dirisha. Hapo nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Mtoto yule yule ambaye kwenye Coaster alikuwa mzigo wa kupakatwa, alipopata kiti na dirisha akawa abiria. Alihesabu mapaa ya mabati ya Gongo la Mboto mpaka namba zikamwishia. Pale Ruvu alitaka kujua maji ya mto yanakwenda wapi, na nilipomwambia yanakwenda baharini, akasema basi yatafika nyumbani kabla yetu. Milima ya Uluguru ilipotokea akanyamaza kabisa. Hajawahi kuona ardhi iliyosimama namna ile.

Lakini mkimwuliza leo ni kitu gani kilimfurahisha kuliko vyote katika safari nzima, atawaambia ni choo cha treni. Alikwenda mara tano, na safari haikuzidi saa mbili. Nawaambieni hili ili msije mkajidanganya, kama nilivyojidanganya mimi, kwamba mtoto atastaajabia kile mlicholipia kiingilio.

Morogoro mambo yalibadilika. Stesheni mpya iko nje kidogo ya mji, upande wa Kihonda, kwa hiyo tulichukua bajaji hadi Msamvu, na Msamvu tukatafuta basi la kwenda Mikumi. Nikaomba tiketi tatu. Mkata tiketi akamtazama binti yangu kutoka juu mpaka chini. "Huyu anapakatwa," akasema. Nikamwambia namlipia kiti. Akacheka, akawaita wenzake wanione. Sikuona sababu ya kubishana naye. Nililipa, tukakaa, mtoto katikati yetu. Basi halijafika hata njia panda, kondakta akawa amepakia watu wa kusimama, na mmoja wao alikuwa mama mwenye mtoto mchanga mgongoni. Sasa nisemeni nyinyi, ningefanyaje? Mke wangu alinitazama mara moja tu. Nikamchukua binti yangu nikampakata, mama yule akakaa.

Ningefanya hivyo tena, na bado naona ni kosa. Si kosa la mama yule, wala la mke wangu. Mikono ya baba, hata angekuwa mbeba magunia, haiwezi kumzuia mtoto basi likigonga kitu kwa mwendo wa barabara kuu. Uzito wa mtoto kwa ghafla ile unazidi nguvu za mikono mara nyingi. Mkanda wa kiti umetengenezwa kwa kifua cha mtu mzima, na ukimfunga pamoja na mtoto aliye mapajani unambana yeye kati yako na mkanda. Haya yanajulikana. Tumeyazoea tu. Sisi tunaosema "anapakatwa" ndio hao hao tunaohesabu maiti kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na mimi nimezisoma taarifa hizo miaka mingi.

Baadaye kidogo kondakta akatangaza kwamba basi linasimama dakika tano, watu wachimbe dawa. Binti yangu akanyanyua kichwa. Alikuwa na mafua kidogo siku hiyo. Akauliza kama dawa inayochimbwa ni chungu. Basi zima likacheka, na kwa kilometa kama 20 akawa mtoto wa basi zima, anapewa karanga huku na chungwa kule. Lakini pale tulipochimba dawa hapakuwa na choo, palikuwa na kichaka. Mwanamume haoni shida. Mama mwenye mtoto wa kike anaijua shida hiyo, na anaanza kumnyima mtoto maji tangu alfajiri. Ikiwa kuna mwenye basi ananisikiliza, hilo naliacha mlangoni kwake.

Barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa karibu kilometa 50. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964, na kila anayekwenda Iringa, Mbeya au Songea kwa barabara hiyo ameipitia. Ukiwa ndani ya basi hulipi hata senti. Mwendo wa magari humo umewekewa kikomo, na kuna bango lenye orodha ya faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake kwa dola. Twiga ana bei, pundamilia ana bei, nyani ana bei. Niliisoma orodha ile nikiwa na mtoto mapajani. Mtoto wa kupakatwa hayumo.

Kisha akawaona. Twiga watatu, hatua chache kutoka lami, wanatafuna kana kwamba barabara ile ni yao na sisi ndio tumekatiza. Binti yangu aliweka viganja vyake viwili kwenye kioo, hakusema neno. Mama yake akaniambia polepole: "Tumepita hapa naye mara sita." Kwenda na kurudi, mara tatu, ni sita. Mara sita twiga walikuwa wamesimama pale pale gizani, na sisi tunaimba nyimbo za maziko.

Kesho yake tuliingia hifadhini kwa gari. Na hapa nije kwenye pesa, kama nilivyoahidi. Wengi hudhani hifadhi ni ghali kwa sababu ya kiingilio. Sivyo. Mwananchi analipa kwa shilingi, na kiingilio chake ni kidogo sana kuliko cha mgeni anayelipa kwa dola, na mtoto aliye chini ya miaka mitano halipi kabisa. Kinachomaliza mfuko ni gari. Hifadhi ile huwezi kuitembea kwa miguu, lazima uwe na gari, na gari la kukodi bei yake ni ile ile likiwa na watu watatu au saba. Sisi tulikutana na familia nyingine kwenye nyumba ya wageni pale mjini Mikumi, nao wamekwama kwa hesabu hiyo hiyo, tukaunganisha nguvu. Bila wao tungeishia kwa wale twiga wa barabarani. Mkitaka kwenda, nendeni majirani wawili watatu kwa pamoja. Ile michango tunayoijua kwa misiba haikukatazwa kwa jambo jingine.

Dereva wetu alikuwa kijana mwenye bidii. Alikuwa amezoea wageni wanaotaka kuona wanyama wote wakubwa kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo akatukimbiza kwenye mbuga za Mkata kutafuta simba. Nyumbu, nyati, swala, tembo, vyote aliona ni vya njiani tu. Binti yangu alitaka gari lisimame kwenye rundo la mavi ya tembo, kwa sababu kulikuwa na mdudu anavingirisha donge kubwa kuliko yeye mwenyewe, anarudi nyuma, anaanguka, anaanza tena. Tulisimama. Dereva akatazama saa yake. Yule mdudu alitazamwa kwa dakika 15, na kwa maoni yangu alistahili.

Simba wakapatikana karibu saa tano, majike wawili chini ya mti, mbali kidogo. Sote tukanyanyuka kwenye viti. Binti yangu alikuwa amelala fofofo. Nikataka kumwamsha. Mama yake akanishika mkono: mwache. Kwanza nilikereka, maana nimelipa, nimetoka Dar es Salaam, simba ni yule pale! Halafu nikajiuliza simba yule nilimtaka kwa ajili ya nani. Saa tatu ndani ya gari zinamtosha mtoto wa umri ule, na zinazobaki ni za watu wazima. Alipoamka tulikuwa kwenye bwawa la viboko, ambako watu huruhusiwa kushuka. Viboko walikuwa wanapiga chafya majini. Aliwatakia afya njema mmoja mmoja.

Niseme kitu kuhusu neno "mtalii". Mwaka 2022 filamu ya Royal Tour, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alionekana akimwongoza mgeni kutembelea vivutio vyetu, ilizinduliwa, na ilizungumzwa kila mahali. Kazi yake ilikuwa kuwaita wageni, na sina ugomvi nayo. Lakini kwenye ile nyumba ya wageni mhudumu alituuliza kama sisi ni wafanyakazi wa mradi gani. Hakupata picha ya mtu mweusi na mkewe na mtoto waliokuja tu kutazama. Neno mtalii kwetu bado lina rangi ya ngozi, na watoto wetu wanalijua hivyo.

Chandarua cha nyumba hiyo kilikuwa na matundu ya kupitisha ndege. Tuliokolewa na cha kwetu, ambacho mke wangu huwa hakisahau. Jambo hili ni la aibu zaidi kwa mahali penyewe. Ni kule kule bondeni, Kilombero na Ulanga, ambako katika miaka ya 1990 watafiti wa Ifakara waliwasambazia watu vyandarua vyenye dawa na kuonyesha kwamba watoto wadogo wanaovilalia wanapona kifo kuliko wasiovilalia. Dunia nzima ilijifunza kutoka huko. Mtu anayepangisha vitanda umbali mfupi tu kutoka hapo hana udhuru.

Kutoka Mikumi hadi Mang'ula ni kama kilometa 60, unapita Kidatu na mashamba ya miwa. Kadiri tulivyokaribia, binti yangu alizidi kunyamaza. Akaanza kuuliza kama bibi atakuwa amekaa chini. Nikamwambia sijui. Kweli sikujua.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, ungo mkononi, anapepeta mchele. Tulimwamkia. Mtoto alijificha nyuma ya miguu yangu, ameshika suruali kwa mikono yote miwili, na aliposukumwa kidogo aamkie, alitoa shikamoo ya kunong'ona akiwa huko huko nyuma. Mama mkwe wangu akaweka ungo chini akacheka. "Mke mwenzangu ananiogopa," akasema, "anadhani nitamnyang'anya mume." Akaendelea kucheka, kicheko cha tumbo, mpaka akashika ukuta. Mimi ni mkwe, na mkwe anajua mipaka yake. Katika miaka 12 ya ndoa yangu sikuwa nimewahi kukisikia kicheko kile. Na mimi pia, mkinihesabia, nilikuwa nafika pale kwa misiba.

Ilichukua siku nzima. Mtoto alimtazama bibi kutoka mbali, kisha kutoka karibu, kisha akataka ungo. Jioni walikuwa wanapepeta pamoja, nusu ya mchele ukaliwa na kuku. Nikasikia mtoto anauliza: "Bibi, mbona leo hulii?" Mke wangu na mimi tulishtuka. Bibi hakushtuka. Alifikiri kidogo. "Leo mmekuja mchana," akajibu.

Siku ya tatu tulimwomba bibi atusindikize Udzungwa. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1992, inaanzia kwenye mlima ulio nyuma ya nyumba za Mang'ula, na haina barabara za magari. Unatembea kwa miguu na mwongozaji. Wenye nguvu wanapanda hadi maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita kama 170. Sisi, na bibi na mtoto wa miaka minne, tuliomba njia fupi kabisa, ya kama kilometa moja, inayofika kwenye maporomoko madogo. Kwa mwendo wa mtoto na bibi ilituchukua asubuhi nzima.

Langoni bibi alisita. Alikuwa ameishi chini ya mlima ule tangu aolewe, na ndani ya msitu aliingia kwa jambo moja tu, kuni. Wakazi waliruhusiwa kuokota kuni kavu kwa siku maalumu hadi mwaka 2011, ruhusa hiyo ilipokoma. Sasa anasimama mahali pale pale, mkwe wake anamlipia kiingilio. "Nalipa kuingia jikoni kwangu," akasema, na hakusema kwa utani. Mwongozaji, kijana wa pale pale anayemwita bibi, akainamisha kichwa.

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Msitu ule ndio unaotoa mito inayonywesha mpunga na miwa ya bonde lile, na bibi mwenyewe alilisema hilo kabla hatujafika nusu ya njia. Analijua kuliko mimi. Lakini mtu aliyepoteza kuni zake ana haki ya kuukumbuka mzigo huo, hata kama anakubali sababu. Tulivyozidi kwenda ndani, bibi akawa ndiye mwongozaji. Mti huu gome lake ni dawa ya tumbo. Huu ukiuchoma una moshi mbaya. Huu hapa, chini yake, alipumzika na mzigo akiwa na mimba ya mama yako. Binti yangu akaenda akaukumbatia mti huo. Juu yetu mbega wekundu, wale wasiopatikana popote duniani ila kwenye milima ile, walikuwa wanarukaruka na kutupa majani. Mtoto alikuwa na macho kwa mti tu.

Nilipokuwa nimekaa pale nilimkumbuka marehemu baba yangu. Mwaka 1988, nikiwa na miaka saba, alinichukua kwa treni ya TAZARA kwenda Mlimba. Reli ile, yenye kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na inakatiza katika pori ambalo wakati ule liliitwa Selous. Baina ya Fuga na Kisaki, jua likiwa linazama, baba aliniinua dirishani akaniambia tazama. Niliona migongo ya tembo kwenye majani marefu. Nimekaa na migongo ile maisha yangu yote. Na tulikuwa tunakwenda kumzika kaka yake. Alikuwa na kitambaa cheusi mkononi, macho mekundu, lakini aliniinua.

Kwa hiyo simwambii mtu asubiri hadi apate pesa za likizo. Ukiitwa msibani Singida, mtoto anaweza kuondoka mchana badala ya usiku, akakaa dirishani, mkasimama mahali pamoja nusu saa. Ukiwa huna hata hilo, Dar es Salaam kuna Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, lenye fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, kuna Kijiji cha Makumbusho, kuna pantoni ya Kigamboni ambayo kwa mtoto ni meli kamili. Bagamoyo unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mvae viatu vya kutembelea, mbebe maji, ndizi, nguo ya pili ya mtoto, chandarua kama mnalala, na mpunguze nusu ya mipango yenu kabla hamjatoka nyumbani. Mengine mtajifunza wenyewe.

Juma lililopita mama mkwe wangu alipiga simu. Siku hizi anapiga kuongea na mke mwenzie, sisi tunasalimiwa mwishoni. Walipomaliza, akaomba apewe mke wangu, akamwambia: "Njooni tena kabla sijawaita." Mke wangu akanyamaza kwa muda. Kisha tukaanza kuhesabu tena, safari hii tukimhesabia bibi. Katika maisha yake amefika Dar es Salaam mara mbili, na mara zote mbili alikuja kuuguza. Bahari ameiona kupitia dirisha la wodi.

Nina siku 18 za likizo zilizobaki. Tumepatana kwamba shule zikifungwa nitakwenda kumpokea Morogoro, nije naye kwa treni, akae nasi wiki mbili, tumpeleke Kigamboni akakanyage mchanga. Binti yangu ameuliza kama bibi anaumwa, tukamwambia haumwi. Sasa amebaki na neno moja tu, na ameniapisha. Bibi akishapanda treni asiingie chooni kwanza, mpaka nimpigie simu, ili amweleze yeye mwenyewe.

Ndugu wasikilizaji, hadi juma lijalo, kwaherini.